Risiti

Nimelipa.
Benki ya Mtaa wa Rwagasore, dirisha la tatu,
kijana kagonga muhuri bila kuniangalia,
kanirudishia karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu.
Aina ya malipo: faini.
Kosa halikuandikwa. Nafasi ilikuwa ndogo.

Basi nitaliandika mimi.

Nina vyumba vinne Mabatini, kule juu
njia inapokoma na ngazi za mawe kuanza.
Ukuta wa nyuma sikuujenga, ni jabali lenyewe;
halikunidai saruji.
Chumba cha mwisho kilikuwa wazi msimu wa usubi,
ule moshi mweusi unaoinuka ziwani
mpaka ukautoe kwenye uji kwa kijiko.
Ndipo alipopanda Minza Lugwisha,
cherehani kichwani,
kodi ya miezi sita imefungwa kwenye pindo la khanga.

Nikasema. Akatazama midomo yangu.
Nikasema tena. Akatoa daftari,
akanipa na kalamu: andika.
Nami, kwa mwandiko niliochapiwa fimbo na mapadri wa Bukumbi,
herufi wima kama watoto mstarini,
nikaandika:

*Chumba kipo. Ila bubu sipangishi.*

Nikatia na nukta.

Ile nukta.

Hakimu aliliinua daftari kwa vidole viwili.
Kielelezo cha kwanza.
Wakili alikuwa amenipanga niseme
kuna mtu alishatanguliza fedha,
dalali ndiye aliyekoroga,
na moto ukizuka usiku, mheshimiwa, nani atamwamsha?
Maneno mazuri, yote ya mdomoni.
Ya mkononi yalikuwa mezani.

Nilimwambia wakili: lakini nyumba ni yangu.
Akasema: ni yako. Na kosa ni lako vilevile.

Mkalimani akasimama kufasiri aibu yangu.
Sikujua ishara yake ni ipi
hadi nilipoona kiganja kimoja
kikiufunga usoni mwa kingine
kama mlango.

Hukumu ikasomwa.
Nikasema, samahani mheshimiwa, rudia.
Akarudia. Nikategesha sikio la kulia,
maana la kushoto nililiacha kiwanda cha nguo,
miaka kumi na tisa katikati ya mitambo ya kufuma
(sijapata kumwambia mtu;
mtu akinisemesha upande huo
hucheka kidogo na kusema *ndiyo*).
Rudia, mheshimiwa.
Mara ya tatu karani alichoka,
akachana karatasi, akaniandikia:
*Faini laki nane au kifungo miezi sita. Na fidia kwa mlalamikaji.*
Nikasoma.
Nilipoinua macho, Minza alikuwa ananitazama
vile fundi anavyotazama gauni lililogeuzwa,
anauona mshono.

Laki nane ni kodi ya chumba kile
kwa miezi kumi na sita.
Nimeipiga hesabu hiyo usiku mwingi.
Nyanjige, mke wangu, anasema ina kosa.
Hajaniambia wapi.

Sheria haikunidai nimpende.
Hilo ningelipinga, na ningeshinda.
Ilinidai mlango tu,
kitu cha mbao na bawaba mbili,
nami nikaubana kana kwamba ni mbavu zangu.

Yeye kapata chumba Kirumba, jirani na wauza kayabo.
Anashona sare za shule.
Kwa ile fidia, nasikia,
(neno gani hilo, *nasikia*)
kanunua meza ya kukatia.

Changu kingali wazi. Buibui hakulipa kodi, kahamia.
Juzi nilichukua kipande cha boksi na makaa,
nikaandika: *Chumba kinapangishwa*
na mkono ukabaki hewani,
umezoea kuongeza kitu hapo.

Nikakitundika hivyo hivyo kwenye msumari.
Bila nukta